Mpaka Mlango wa Nyuma

Mama aliporudi kutoka hospitali alikuwa mwepesi kiasi kwamba kaka yangu alimtoa kwenye gari na kumbeba mpaka kitandani bila hata kuhema. Alimlaza, akamfunika, kisha akanivuta jikoni na kuniambia jambo aliloliamua njiani. Homa ya mapafu ilikuwa imekwisha, lakini iliondoka na miguu ya mama. Mimi nashinda kazini, na mama hawezi hata kunyanyuka kwenye kiti. Kwa hiyo siku ya kumrudisha kliniki atakuja na gari, na akimkuta mama bado hawezi kusimama na kutembea mwenyewe, hatamrudisha hapa. Atampeleka kwake, ghorofa ya juu kabisa, kwenye chumba chenye televisheni, na nyumba hii tutaifunga.

Nilimwambia mama anaogopa lifti. Akanijibu kwamba nisiwe na wasiwasi, lifti yenyewe ni mbovu.

Jioni ile nilipiga magoti pembeni ya kitanda chake. Mimi sijui maombi marefu. Nilisema, Mungu, mpe mama miguu. Nikawa nayasema maneno hayohayo kila asubuhi kabla ya kwenda kazini na kila jioni nikirudi, nikiamini kwamba Mungu hahitaji kuelezwa sana.

Hospitali ilimtuma binti mmoja, mtaalamu wa mazoezi, awe anatutembelea nyumbani. Alikuja na raba nyeupe miguuni na mkoba mkubwa begani, akachuchumaa mbele ya mama na kumshika mguu chini ya goti, taratibu, kama mtu anayechagua parachichi.

“Bibi, nyama imekimbia,” alisema.

“Imekimbilia wapi, mjukuu wangu, na mimi nilikuwa nimelala palepale?”

Binti alicheka, akasema ndivyo inavyokimbia, mwenyewe akiwa amelala. Tangu siku hiyo mama alimwita Kocha, na sisi wote tukafuata.

Kocha alinieleza kwamba nyama ya mguu hurudishwa na vitu viwili vinavyokwenda pamoja, kazi na chakula. Ukimpa mgonjwa kazi bila chakula unamchosha bure, na ukimpa chakula bila kazi unanenepesha tumbo. Uji nipike kwa maziwa na karanga zilizosagwa, si kwa maji matupu. Kila mlo uwe na yai, au maharage, au samaki. Nimpe kidogo kidogo lakini mara nyingi, asije akaogopa sahani. Halafu akanishika mkono na kunisisitizia jambo moja kuliko yote.

“Asile peke yake. Mzee akila peke yake anagusa vijiko viwili vitatu, anasema ameshiba.”

Kazi yenyewe ilikuwa kukaa na kusimama. Pale kwenye meza tulikuwa na viti viwili vigumu vyenye mikono, cha mama na cha marehemu baba, vinavyotazamana. Kocha alimkalisha mama kwenye chake, akamwambia arudishe nyayo nyuma, ainame mpaka pua ipite vidole vya miguu, ndipo asukume. Mama aliinama, akasukuma, akatetemeka mwili mzima, makalio hayakuachana na kiti. Alijaribu tena. Ilipoonekana kwamba amenyanyuka upana wa kidole, Kocha akampongeza kama vile amepanda mlima.

Mwisho wa siku ile alimuuliza mama swali analowauliza wagonjwa wake wote, kwa sababu alisema miguu haifanyi kazi kama haijui inakokwenda.

“Bibi, unataka miguu hii ikufikishe wapi?”

Nilidhani mama atasema chooni, au getini, au kwa jirani yetu mshonaji. Alinyoosha kidevu kuelekea upande wa pili wa chumba, nyuma ya kiti cha baba. Alionyesha mlango wa nyuma.

Kocha hakuuliza kwa nini. Alitoa mkobani utepe mwekundu wa kunata, akakata vipande na kuvibandika sakafuni kimoja baada ya kingine, kuanzia kiti cha mama, kuzunguka meza, mpaka kizingitini. Kila kipande kilikuwa kituo. Akaacha na fremu ya kutembelea, akaaga.

Mlango ule tulikuwa hatuutumii. Unafungukia kijia chembamba kati ya ukuta wa nyumba na ukuta wa uzio, mahali penye bomba la maji na ngazi moja ya saruji, na hakuna njia nyingine ya kuingilia. Baba alitoka kupitia hapo mchana mmoja kwenda kukaza bomba, na tulipomfuata tulimkuta ameketi kwenye ngazi, kichwa kimeegemea ukuta, amekwisha kutuacha. Baada ya mazishi kaka aliufunga kwa ufunguo. Komeo lake lilikuwa limeshika kutu likiwa wazi, hakuna aliyejisumbua kulisukuma.

Sasa niseme nilichofanya. Mimi napiga pasi kwa dobi, mashuka ya hoteli na mashati ya watu, na mchana siruhusiwi kutoka. Jirani yetu mshonaji alikubali kuchungulia mara mojamoja na kumsaidia mama kwenda chooni, lakini ana cherehani yake na wateja wake, hawezi kukaa naye mezani. Nikawaza jinsi ya kutii lile neno la Kocha. Nikaona nimwandalie mama chakula cha mchana kwenye hotpoti, kisha niandae na sahani ya pili, na kikombe, na kijiko, mbele ya kiti cha baba, na chakula kilekile ndani yake. Nilifikiri mama atakuwa kama mtu ambaye mwenzake amenyanyuka tu kunawa mikono. Nilipanga kwamba chakula kile cha pili nitakila mimi nikirudi jioni.

Siku ya kwanza nilirudi nikakuta sahani zote mbili ni nyeupe.

Nilimuuliza mama kama mshonaji alikuja kula. Mama alisema hapana, chakula kilikuwa kitamu, na kesho nisisahau chumvi kwenye yai. Kesho yake zote mbili zilikuwa nyeupe tena, na keshokutwa pia. Nilifurahi kwa ile ya mama, na ile nyingine nikawa naiosha haraka bila kuitazama sana.

Na kweli miguu ilianza kurudi. Mama alinyanyuka kwenye kiti kwa kusukuma kwa mikono, baadaye kwa mkono mmoja. Alisimama akiwa ameshika meza na kuinua visigino, akishuka polepole kama Kocha alivyomfundisha. Alifika kwenye kituo cha kwanza, akafika kona ya meza. Mashavu yalijaa kidogo. Kocha alikuja, akabinya tena mguu na kusema kwamba wagonjwa wake wengine wangeona wivu.

Jambo lililonitia ubaridi niliambiwa na mshonaji. Nilipita kwake kumshukuru, naye akaniuliza, sindano zikiwa mdomoni, kama mama ana mgeni mchana. Nikamwambia hana. Akatoa sindano mdomoni. Alisema ukuta wetu ni mmoja, na cherehani ikinyamaza anasikia. Mama anafanya mazoezi huku akihesabu kwa sauti, na hilo ni sawa. Lakini akishamaliza kuhesabu anabishiwa hodi. Hapo mama anaacha, anazungumza kidogo, halafu anaanza upya.

“Nilijua ni wewe umerudi,” alisema. “Mpaka nikachungulia barabarani nikaona hakuna mtu.”

Nilijipa moyo kwamba ni bomba, au paka, au ubao unaotanuka kwa joto.

Siku chache baadaye umeme ulikatika kwa dobi, pasi zikapoa mikononi mwetu, tukaruhusiwa kwenda nyumbani mchana kweupe. Barabara ilikuwa tupu kwa sababu ya jua. Niliingia kwa mlango wa mbele, nikavua viatu kama kawaida, kwa hiyo mama hakunisikia.

Alikuwa amesimama, ameishika fremu, kituo kimoja mbele ya kiti cha baba. Mgongo wake ulikuwa kwangu. Chumba kilikuwa kimya namna ambayo niliweza kusikia saa ya ukutani ya mshonaji. Halafu mlango wa nyuma ukabishwa. Mara mbili, kwa kifundo cha kidole, kisha kiganja kikaburuzwa kwenye ubao kutoka juu mpaka chini.

Baba alibisha hivyo. Maisha yake yote alitoka bila ufunguo, na akirudi alibisha hivyo, mara mbili na kiganja, na hakuwahi kubisha mara ya tatu kwa sababu mama alikuwa ameshafika.

“Ngoja,” mama aliuambia mlango, kwa sauti ya mtu aliyezoea. “Sijafika. Nikifika nitakuambia.”

Kiganja kikaburuzwa tena, polepole zaidi.

Nilimwita mama. Aligeuka, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyefumwa. Akasema, kumbe umeme umekatika, kaa ule. Lakini mezani hapakuwa na cha kula, sahani zote mbili zilikuwa zimefutwa mpaka mchuzi. Nilikivuta kiti cha baba ili nikae. Mkono wangu ukagusa mahali pa kukalia, na pale palikuwa na joto.

Ningeweza kumuuliza palepale. Sikuuliza, kwa sababu nilidhani nimekwisha kuelewa. Nilielewa kwamba nimemwekea marehemu sahani, tena kwenye kiti chake, mchana baada ya mchana, na kwamba amekuja kula na sasa anamsubiri mama. Nilielewa kwa nini mama hakutaka miguu ya kwenda getini. Na nilikumbuka maombi yangu. Niliomba miguu, na sikusema ya kwenda wapi.

Kesho yake niliandaa sahani moja. Nilibandua utepe wote sakafuni. Nilimwambia mama kwamba amejitahidi sana, apumzike, na nikamwacha kitandani na mto mgongoni. Hakubishana. Alinitazama tu nikikunja ile mikanda myekundu kuwa mpira mdogo.

“Unaninyima miguu?” aliniuliza.

Nikasema ni mapumziko.

Mama alianza kurudi nyuma mbele ya macho yangu. Mtu angedhani kilichochukua wiki nyingi kujengwa kitachukua wiki nyingi kubomoka, lakini haiko hivyo kwa wazee. Sahani ile moja aligusa vijiko viwili vitatu, akasema ameshiba. Nilipomkalisha kwenye kiti jioni, alitetemeka tena kama siku za mwanzo. Na mchana, mshonaji aliniambia, hodi ilikuwa haikomi. Alikuwa ameihamishia cherehani yake chumba cha mbele.

Kocha alipokuja aliona sakafu tupu na kunitazama mimi kabla ya kumtazama mama. Nilimchukua jikoni, nikamweleza yote, hodi, kiti, sahani. Nilitegemea acheke au akimbie. Alinawa mikono kwa muda mrefu, akaikausha, ndipo akasema kwamba ameingia nyumba nyingi za watu waliotoka hospitali na ameambiwa mengi, na mengine ameyasikia kwa masikio yake, lakini kazi yake haifiki huko.

“Mimi simuulizi mgonjwa kwa nini anataka kufika,” alisema. “Ila dada, mtu anayetaka kuondoka duniani hali chakula namna ile. Yule bibi alikuwa anakula kama anayejiandaa kwa ugomvi.”

Usiku ule sikulala mapema, niliomba, na sikupata jibu lolote. Nilipata aibu tu, ya kuona nimemrudishia Mungu kitu nilichomwomba mwenyewe, eti kwa sababu hakukifunga nilivyotaka. Asubuhi nilinunua utepe. Ulikuwa wa bluu, mwekundu haukuwepo. Nikabandika vituo vyote mpaka kizingitini, nikapika uji kwa maziwa, nikachemsha mayai, nikaweka sahani mbili. Mama alikula uji huku ananiangalia.

“Weka chumvi,” alisema.

Siku ya kliniki kaka alikuja mapema, na gari, na blanketi limekunjwa mkononi la kumfunikia mama kwenye safari ya kwenda kwake. Nililiona na kujua kwamba moyoni alikuwa ameshaamua. Kocha naye alikuwepo, kwani alitaka kwenda nasi. Niliandaa chakula kwanza, sahani mbili kama kawaida, mama asije akatoka na njaa.

Kaka alikuwa ameendesha tangu alfajiri bila kutia kitu tumboni. Aliketi kwenye kiti cha baba, akavuta sahani iliyokuwa mbele yake, akachukua kijiko. Mama alimpiga mkononi, paa, kama mtoto mdogo.

“Hicho si chako.”

“Ni cha nani, mama?”

“Nakula mimi.”

Akaivuta sahani ile upande wake wa meza na kuanza kula, baada ya kumaliza ya kwake, kijiko baada ya kijiko, maharage na yai, bila haraka. Tulikaa tukimtazama. Alipofuta sahani na kidole aliniambia mimi, si kaka, kwamba ndivyo alivyokuwa akifanya kila mchana. Mwanzoni, akishamaliza chakula chake, aliivuta sahani ya pili upande wake, na miguu ilipoanza kumbeba akawa anazunguka meza, anakaa kwenye kiti cha baba yetu na kula chakula cha baba yetu. Hakutaka kibaki hata punje.

“Kwa sababu akila atapata nguvu,” alisema. “Na mimi nilikuwa sina.”

Kaka alinitazama, nami nikajua anataka kusema kwamba mama amechanganyikiwa, na kwamba hiyo ndiyo sababu zaidi ya kumchukua. Mdomo wake ulikuwa umeshafunguka. Ndipo hodi ikapigwa nyuma yake. Mara mbili, na kiganja.

Kaka aliruka kutoka kwenye kiti kile kama aliyekalia moto. Kocha aliweka mkoba wake chini polepole. Jua lilikuwa limejaa chumba kizima.

Mama alirudisha nyayo nyuma. Aliinama mpaka pua ikapita vidole vya miguu, akanyanyuka bila kushika mikono ya kiti. Fremu hakuitazama. Nilitaka kumkimbilia, Kocha akanishika kiwiko. Mama akapita kituo cha kwanza, kona ya meza, kiti cha baba, unyayo wake ukikanyaga bluu baada ya bluu, mdomo ukihesabu bila sauti. Alipofika mlangoni alisimama wima, akiwa ameegemeza kiganja kwenye ubao mahali palepale kiganja kingine kilipokuwa kikiburuzwa upande wa pili. Nilikiona kile kitasa kikishuka kidogo na kupanda. Nikaomba bila maneno.

“Hospitali ulisimama miguuni pa kitanda changu,” mama aliuambia mlango, “ukaniambia nyanyuka twende. Nilikuwa nimelala, sina pumzi, sikuweza kukujibu. Maisha yangu yote ukibisha nanyanyuka. Leo nimenyanyuka.”

Kiganja kikaburuzwa, taratibu sana.

“Nimenyanyuka ili nikuambie sifungui, mume wangu. Nimeshiba, na bado sijamaliza.”

Akalishika komeo lenye kutu kwa mikono miwili. Nilijua halitasogea, baada ya kuisikia ile hodi mimi mwenyewe nilikuwa nimelijaribu. Alirudisha mguu mmoja nyuma, akalisukuma kwa uzito wake wote mdogo, mabega na mapaja na visigino vile alivyovifundisha kupanda na kushuka, na komeo likalia, likaingia mahali pake.

Kisha tulisikia hatua kwenye kile kijia kisicho na njia. Zilikuwa za mtu anayeburuza nyayo, anayesimama kila baada ya hatua kushika ukuta, mtu ambaye hajala muda mrefu. Zilikwenda kuelekea upande wa bomba, zikapungua, zikaisha. Kocha alisikiliza mpaka mwisho akiwa ameinamisha kichwa, kama anavyosikiliza miguu ya wagonjwa wake.

Mama aligeuka. Jasho lilikuwa limemloanisha shingo. Aliomba kiti, na kaka alipomsogezea cha baba, kwa kuwa ndicho kilichokuwa karibu, alikikalia bila wasiwasi na kusema kina baridi.

Kaka alilichukua blanketi lake mezani na kubaki amelishika. Alisema kitu kuhusu foleni ya kliniki, kwamba tukichelewa tutakaa mpaka jioni. Kisha akasema, akitazama sakafu, kwamba akimaliza kliniki atamrudisha mama hapahapa. Mama akamjibu kwamba hapahapa ni wapi kwingine, na kwamba ampe mkono, si kumbeba, amnyooshee mkono tu, kwa sababu mpaka garini hakujabandikwa utepe.

Getini Kocha alimuuliza lile swali lake upya. Mama alifikiri kidogo, akasema anataka miguu imfikishe kwa dobi, akaone binti yake anaposhinda, kama kweli huko ana kazi au anacheza.

Nilirudi ndani mara moja kufunga nyumba. Niliosha sahani zote mbili, moja nikaiweka juu kabisa ya kabati. Na jioni, baada ya kumshukuru Mungu kwa ajili ya mama, nilimwombea na baba, jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu mazishi. Niliomba kwa uangalifu, neno kwa neno. Nilimwombea apumzike, na asamehewe kwa kuzoea kufunguliwa. Miguu sikumwombea.